Niliazima Swali la Mwenzangu, Mke Wangu Akalisikia

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nyuma ya usukani wa gari la shemeji, funguo mkononi, mke wangu na majirani wamejipanga ukutani kuona mwanafunzi wa udereva anavyofanya mambo.

Waliokosa wasihangaike, habari yenyewe ni fupi. Mimi ni fundi makochi. Daktari ameniambia nina saratani ya tezi dume. Nilishindwa kumwambia mke wangu. Kila Jumamosi naenda kukaa na wanaume wenzangu wenye ugonjwa huo, na kwa kuwa tunakutana kwenye darasa la shule ya udereva, nyumbani nilisema najifunza kuendesha gari. Uongo niliukuta umeshashonwa, mimi nikauvaa tu.

Sasa turudi kwenye gari. Kuwasha, niliwasha. Hapo sitaki mtu anidharau. Kisha nikavuta kitu fulani, nikaachia kingine, nikakanyaga cha tatu, na gari likaondoka kinyumenyume kama limekumbuka kitu nyumbani.

"Breki, shemeji! Breki!"

"Hatujafika huko!" nikapiga kelele.

"Hamjafika kwenye breki?"

Tangi la maji la jirani ndilo lililotusimamisha. Likapasuka, maji yakatiririka uani, yakapita sebuleni kwetu, yakatokea jikoni. Shemeji alishika kichwa. Majirani walicheka mpaka wakashikana mabega.

Mke wangu hakucheka. Ni mwalimu wa chekechea. Mimi humwita Mama Pacha, naye huniita Baba Pacha, isipokuwa akikasirika, ndipo mimi hukosa jina kabisa.

"Wewe. Huko wanawafundisha nini hasa?"

"Nadharia."

"Jumamosi nakuja mwenyewe. Watanieleza hiyo nadharia."

Nikaingia chumbani kubadili suruali, nikajikwaa kwenye begi la kijani nyuma ya mlango. Lilikuwa limejaa mpaka limevimba.

"Hili la nini?"

"Nguo za pacha."

Pacha wetu wana ndevu. Wanaishi mji mwingine, na mara ya mwisho kuvaa nguo waliyochaguliwa na mama yao walikuwa bado wanang'oka meno ya utotoni. Lakini mtu aliyetoka kupasua tangi la watu haulizi swali la pili.

Jumamosi ilipofika nikamwambia hakuna darasa, mwalimu anaumwa. Nikabeba futi yangu ya kupimia, nikasema naenda kuangalia kochi la mteja. Akanitazama tu, akaendelea kukata karatasi za rangi za watoto wake.

Niseme ukweli, siku ile nilikuwa na hofu iliyozidi ya kila wiki. Jumatatu nilitakiwa kwa daktari kuchagua visu au mionzi, na daktari alikuwa ameniambia waziwazi: "Usije peke yako. Njoo na mkeo. Uamuzi huu ni wa watu wawili." Nilikuwa nimebakiwa na Jumamosi na Jumapili za kumwambia, na mdomo wangu ulikuwa umegoma.

Basi nikaenda kwa Refa.

Refa alikuwa mwamuzi wa mpira, na tezi yake ilishatolewa zamani. Yeye na mkewe ndio wanaoendesha kikundi kwa kujitolea. Hakuna anayewalipa. Yeye huja na filimbi shingoni na kadi mfukoni, mkewe huja na birika la chai. Wanaume tunaanza darasani, chini ya picha za alama za barabarani. Wake wanaanza na Mama Refa kwenye chumba cha pili. Baadaye tunaunganishwa.

"Mazoezi!" Refa akasema. "Kaeni wima. Ule msuli wa kuzuia mkojo. Bana!"

Akapuliza filimbi. Tukabana.

"Achia!"

Tukaachia. Ukituchungulia dirishani utaona wazee wameketi kimya, wamekodoa macho, kama wanasubiri matokeo ya uchaguzi. Hakuna kinachoonekana kutikisika. Refa huapa kwamba anawaona wanaotegea.

"Kinyozi! Wewe unabana mashavu. Nimesema msuli wa chini."

"Refa, mimi huku chini mawasiliano yamekatika."

Kadi ya njano. Tukacheka, na mzee mmoja akainuka mbio kwenda chooni, maana kicheko kwetu si jambo la mchezo. Hakuna aliyemcheka yeye. Nilipofika mara ya kwanza, jambo hilo ndilo lililonifanya nirudi.

Yakaja maswali. Hapa lazima niwaeleze utaratibu wetu, maana ndio ulioniua.

Zamani wanaume walikuwa wanakuja, wanakunywa chai, wanachambua mpira, wanaondoka na shida zao kama walivyozileta. Hakuna aliyethubutu kuuliza. Ndipo Refa akabuni maswali ya kuazimana. Hakuna anayeuliza la kwake. Unamnong'oneza jirani yako wa kulia, naye anasimama mbele ya wote, wanaume kwa wanawake, anauliza kama lake.

"Unasema mimi," Refa hukumbusha kila wiki. "Huchekicheki, humtazami mwenye nalo. Na mkitoka hapa, njiani hakuna kuulizana lilikuwa la nani. Atakayemtaja mwenye swali, kadi nyekundu. Hapa harudi."

Wake nao hufanya hivyo hivyo.

Kulia kwangu alikaa Kinyozi. Nikamnong'oneza: "Mke wangu hajui lolote. Naanzia wapi?"

Kushoto alikaa Mzee Tai. Huyu ni karani mstaafu ambaye sijawahi kumwona bila tai, hata siku za joto la kuyeyusha lami. Mtaani kwao ndiye msuluhishi wa ndoa. Watu wakigombana na wake zao hupelekwa kwake wakahubiriwe. Akaniinamia, akanong'ona taratibu, kwa sauti ile ile ya kuhubiria.

"Nina mke, na nina mwingine nje. Yupo siku nyingi. Nikifanyiwa operesheni, nimwambie nani kwanza?"

Nikamtazama.

"Mzee..."

"Kulia kwangu ni wewe," akasema, akanyoosha tai.

Wake wakaingia, wakakaa kwenye viti vya nyuma. Mke wa Mzee Tai, mama mmoja mpana wa kilemba na kicheko cha karibu, akakaa mstari wa katikati akampungia mumewe mkono. Mumewe akapunga.

Kinyozi alianza. "Mimi mke wangu hajui lolote. Naanzia wapi?"

Mkewe, ambaye ndiye anayemnunulia pedi za kuzuia mkojo na kumchagulia saizi, akatikisa kichwa kwa huzuni kabisa, kama mwanamke aliyefichwa. Hapo ndipo nilipompenda mama yule.

"Anza na jina la ugonjwa," mke mmoja akajibu. "Usianze na 'mke wangu, kaa kidogo.' Ukisema kaa, sisi tunajua kuna mtoto nje."

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nalimeza kila neno. Anza na jina la ugonjwa. Nikajisemea, leo leo, nikifika tu mlangoni.

"Fundi makochi," Refa akaita. "Zamu yako."

Nikasimama, mgongo wangu kwa mlango. Nikakohoa. Nikavuta sauti.

"Mimi nina mke, na nina mwingine nje. Yupo siku nyingi. Nikifanyiwa operesheni, nimwambie nani kwanza?"

"Rudia."

Sauti ilitoka mlangoni. Naijua sauti ile. Ikitumika darasani, kila mtoto hutema kalamu aliyokuwa anaitafuna.

Nikageuka. Mama Pacha alikuwa amesimama na mwavuli wake, Mama Refa kando yake. Kumbe alikuwa amekuja kumtafuta mwenye shule amfokee kuhusu breki. Akauliza yuko wapi fundi makochi anayesoma hapa. Mama Refa, kwa ukarimu wake, akamshika mkono: "Karibu dada, umefika. Hapa ni kwa wanaume wenye saratani ya tezi dume na wake zao. Wako yuko kule mbele, anauliza swali."

Hivyo ndivyo mke wangu alivyopata habari. Kwa mtu baki, mlangoni, kabla hata hajafunga mwavuli. Mimi nilitaka nimwambie. Nilitaka sana, na nilikuwa nimeshapata mpaka neno la kuanzia.

"Mama Pacha," nikasema.

"Nimesema rudia. Mwenye mke na mwingine. Sikulishika vizuri, nilikuwa bado nalisikiliza la saratani."

Refa akapuliza filimbi. "Mama, karibu sana. Hapa tunanyoosha mkono."

Akanyoosha mkono, mwavuli ukiwemo. Mzee wa mbele yake akainamisha kichwa.

"Nina swali kwa huyo," akasema.

"Subiri zamu ya akina mama. Kwanza la fundi lijibiwe."

Mke wa Mzee Tai akasogeza kiti, akampisha, akamzungushia mkono mabegani. "Kaa hapa, mwenzangu. Pole sana. Wangu yule ana vituko vyake, lakini hilo, hapana. Hilo namshukuru Mungu."

Nikamtupia jicho Mzee Tai. Alikuwa anaichunguza tai yake kana kwamba ni ya kuazima.

"Nijibu mimi," mkewe akaendelea, akinitazama mimi, fundi wa watu. "Aanze na yule atakayemfulia mashuka. Ampigie huyo mwingine, amwambie: mpenzi, kuanzia mwezi ujao navuja. Aone kama atamsikia tena."

Darasa likalipuka kwa kicheko. Wake walipiga makofi. Wazee wawili walikimbilia chooni. Mama Pacha hakucheka, na mimi nilibaki wima pale mbele nikitamani kuingia ndani ya sponji la kochi nishonewe humo.

Neno moja tu lingeniokoa. Ningenyoosha kidole kushoto, basi. Lakini siku ile nilipokatwa nyama ya kipimo mara ya pili, Mzee Tai ndiye aliyekuja kukaa nami kwenye benchi la hospitali. Hakuhubiri. Alinishika mkono mbele ya watu, mwanaume na mwanaume, na hakuuachia mpaka nilipoitwa. Mtu wa namna hiyo humuuzi kwa mkewe, hata kama anastahili kuuzwa. Nikaufunga mdomo.

"Zamu ya akina mama," Refa akasema.

Mama Refa akamwinamia Mama Pacha sikioni. Akanong'ona kwa kirefu. Alipomaliza, mke wa Mzee Tai naye akamwinamia upande wa pili, akanong'ona yake. Mimi nilikodoa macho mpaka yakauma. Walikuwa wanamweleza utaratibu? Walikuwa wanampa pole? Au mmoja wao alikuwa anamkabidhi swali?

Mama Pacha akasimama. Akauegemeza mwavuli kwenye kiti.

"Mimi nilishaamua kuondoka," akasema. "Kabla sijajua kama anaumwa. Si kwamba ananipiga. Hanipigi. Hasemi. Unamuuliza umeshindaje, anajibu salama. Unaishi na salama mpaka unachoka. Sasa nimejua anaumwa. Nikiondoka, nitaitwa mnyama. Nikibaki, nitajuaje kama nimebaki kwa ajili yake au kwa ajili ya majirani?"

Nikawatazama wake mmoja mmoja, nione nani ameinamisha uso. Wote walikuwa wameinamisha. Wameshazoea, wanajua kulinda swali la mwenzao.

Mimi akilini nikaliona begi la kijani.

"Wanaume, mnajibu," Refa akasema. "Nani?"

Kinyozi aliyekuwa na utani kwa kila kitu akaanza kuangalia kucha.

"Fundi," Refa akasema kwa upole, "wewe bado umesimama."

Kweli, nilikuwa nimesahau kukaa.

"Mimi ningekuwa huyo mume," nikaanza, nikarudia. "Mimi ningekuwa huyo mume, ningemwambia aende, kama anataka."

Wake wakaguna.

"Aende, ila aende anajua. Ajue kwamba Jumatatu mumewe anatakiwa kwa daktari, achague visu au mionzi, na ameambiwa asije peke yake. Ajue kwamba hakunyamaza kwa dharau. Aliogopa akishasema, yeye atakuwa mgonjwa, mkewe atakuwa nesi, na humo ndani mke na mume watakuwa wamekwisha. Anaogopa kujikojolea mbele yake. Anaogopa atalala naye kama kaka na dada. Na anampenda, ila hilo nalo alikuwa analijibu salama."

Refa akainua filimbi, akaishusha bila kuipuliza. Mke wa Kinyozi alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kitenge. Mama Pacha akakaa, akauchukua mwavuli, akauweka mapajani. Uso wake ulikuwa ule wa siku ya kikao cha wazazi, ambao hakuna mzazi aliyewahi kuusoma.

Tulirudi kwa miguu. Mvua ilikuwa imekatika lakini aliufungua mwavuli, akajifunika peke yake.

"Unajua kuendesha gari?"

"Sijui."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Tangi la watu umelipasua bure."

"Bure kabisa."

Tukavuka barabara. Akanishika kiwiko kama anavyowavusha watoto wake, kisha akakumbuka, akaniachia.

"Huyo mwingine," akasema. "Yupo?"

"Mama Pacha, kuna sheria. Njiani hatuulizani."

"Sikuulizi ni nani. Nauliza kama yupo."

"Nikikujibu, kuna mtu nitamvunjia nyumba."

"Na hapa unajenga?"

Ningeweza kusema halikuwa langu, lakini angehesabu waliokaa jirani nami, na mke wangu ni hodari wa kuhesabu watu waliokaa. Nikameza. Tukatembea tena, kisha uvumilivu ukanishinda.

"Na lako wewe? La kuondoka?"

"Sheria," akasema, na alilisema kwa raha zake zote.

"Mama Pacha!"

"Njiani hatuulizani. Mama Refa ameniambia."

"Amekuambia lini? Kabla hujauliza au baada?"

"Sheria."

Tukapita kwa muuza mbao, tukapita kwa fundi viatu, na wote wawili wakaniuliza nimefikia gia ngapi. Nikawaambia naendelea vizuri.

"Begi la kijani lina nini?" nikajaribu kwa mlango wa nyuma.

"Nilishakuambia. Nguo za pacha."

"Pacha wana ndevu."

"Wenye ndevu hawavai nguo?"

Tulipokaribia nyumbani akasimama, akafunga mwavuli, akaukung'uta ingawa ulikuwa mkavu.

"Jumatatu saa ngapi?"

Moyo ukanipasuka kwa furaha. "Saa mbili asubuhi."

"Saa mbili nina darasa."

Akasema hivyo tu, akaendelea kutembea.

Uani, tangi la jirani lilikuwa bado limelala ubavu. Mama Pacha akapanda ngazi ya baraza, akageuka, akaninyooshea kidole.

"Wewe kaa hapo. Usiingie mpaka nikuite."

Nikakaa. Pale barazani kuna kochi la mteja ambalo sijalimaliza, halina mito, springi ziko nje. Nikakaa juu ya springi hivyo hivyo na kubana msuli, maana hofu nayo ina njia zake.

Nikasikia mlango wa chumbani. Nikasikia kitu kizito kikiburutwa kutoka nyuma ya mlango hadi kitandani. Kikatulia. Mama Pacha akavuta pumzi, au labda alikuwa analia, sikupambanua.

Kisha nikasikia zipu, ndefu, imevutwa yote kwa mkono mmoja, bila kukwama.

Nimeshona zipu za mito ya makochi maisha yangu yote. Zinapofunguliwa na zinapofungwa, sauti ni ile ile.